Faustin na pawasaplai zake zisizokwisha

Bado nakataa. Jana asubuhi nilipigiwa simu kutoka Bangwe, nikaambiwa Faustin ametutoka usingizini, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni ni "muulizeni vizuri." Kana kwamba angejibu.

Kwa mnaonifuata hapa na hamkumjua: Faustin alikuwa rafiki yangu tangu miaka ile ya wakimbizi, tulipofanya kazi ofisi moja ya misaada hapa Kigoma. Mimi nilikuwa store, yeye mkalimani. Alivuka ziwa kutoka Kongo vita ilipopamba moto. Ndugu zake wakapata kwenda Ulaya, yeye akabaki na sisi.

Akapanga vyumba viwili Bangwe. Siku ya kwanza niliyomtembelea aliniambia kwao walikuwa wengi hadi kulala ni kwa kubanana, na sasa akifungua mlango jioni anasikia saa ya ukutani tu. Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania. Nyumba yenye kimya ndiyo kitu pekee nilichojua anakiogopa.

Ndipo akanunua amplifaya kuukuu na spika mbili kama makabati. Yaani mvumo wa umeme kwenye spika ulikuwa mkubwa kuliko mwimbaji. Umeme wetu wakati ule mnaujua wenyewe, na ile pawasaplai ya bei rahisi aliyouziwa nayo, kile kisanduku cha kuipa mashine umeme, ndiyo usiseme.

Akaunda nyingine kwa mikono yake: transfoma nzito, kapasita nene kama chupa za dawa ya kikohozi. Akatuita Jumamosi mchana tukaisikilize. Tulikuwa mimi, dereva wetu Hamisi, na jirani yake Mama Zuhura, mzaliwa wa Ujiji, muuza migebuka, wale samaki wa ziwani. Akawasha. Mvumo haupo. Gitaa likasikika kila uzi. Nilimpa mkono, alistahili.

Sasa nani angemwambia aishie hapo?

Haukupita muda, pawasaplai nyingine, kubwa zaidi. Kisha nyingine. Kila ikikamilika, Jumamosi tunaitwa. Chai ya tangawizi, mihogo, migebuka ya Mama Zuhura, na Faustin katikati amefumba macho. "Musikie vile besi iko natembea," anasema. Mimi nasikia besi ileile ya juzi, imekaa palepale.

Tulibishana hadi kwenye meeting, bosi anaongelea magunia ya unga, sisi tunanong'onezana habari za transfoma. Nilimwambia pawasaplai mbovu inaharibu sauti, hilo nakubali, lakini ikishakuwa nzuri, kuzidi kuikuza ni kuongeza maji ziwani. Yeye akasema masikio yangu yameharibiwa na malori ya field.

Nikapendekeza mtihani, na sijutii. Tutundike shuka mbele ya mashine. Faustin afunge swichi ya kuchagua pawasaplai ya zamani au mpya, Mama Zuhura akae nyuma ya shuka aibonyeze, sisi tuseme ipi ni ipi. Faustin akakubali kwa majivuno yote.

Wimbo ukapigwa mara ya kwanza. Ukapigwa tena. Faustin akainuka kitini, akasema ya pili ndiyo mpya, imepumua kabisa. Hamisi akamuunga mkono. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilihisi kitu.

Mama Zuhura akachungulia pembeni ya shuka. "Jamani, mimi bado sijagusa," akasema. "Nilikuwa natoa miiba ya samaki."

Tulicheka mpaka Hamisi akamwaga chai. Faustin naye alicheka. Lakini Jumamosi iliyofuata hatukuitwa. Wala ile nyingine.

Nikaenda kumwangalia. Nilimkuta amekaa peke yake, muziki umezimwa. Nikamuuliza kama amenuna kwa sababu ya mtihani. Akasema hapana, yeye alijua siku nyingi kwamba baada ya ile ya kwanza hakuna kilichobadilika.

"Kaka, mutu hawezi ita watu kila Jumamosi bila sababu," akaniambia. "Sasa mumejua haina kitu. Nitawaita nikisema nini?"

Roho iliniuma, nikatoka nikaenda kumweleza Mama Zuhura. Akabeba sufuria yake, akapiga hodi kwa Faustin, akamwambia amekuja kusikiliza pawasaplai mpya. Faustin akamkumbusha kwamba hakuna mpya.

"Basi tengeneza," Mama Zuhura akasema, akivuta kiti. "Mimi nakusubiri hapa hapa."

Akatengeneza. Aliendelea kutengeneza miaka yote hii, hata baada ya ofisi kufungwa na wakimbizi wenzake wengi kurudi kwao. Na kila alipowasha, sote tulisema imeboreka. Alijua tunadanganya, nasi tulijua kwamba anajua. Sijaona uongo mwingine uliolisha watu vizuri namna ile.

Mkinibana leo niseme kama zile pawasaplai ziliboresha sauti, nitasema ya kwanza ndiyo, na zilizobaki ziliboresha Jumamosi zetu. Nilikuwa mtu wa furaha kwenye kile chumba. Sote tulikuwa.

Naandika haya nikiwa Bangwe, nje ya nyumba yake. Wamekuja watu wa Ujiji, wa Simbo, wengine wamepanda boti kutoka Mwamgongo. Ndani hakuna pa kukanyaga, tumetandika majamvi mpaka njiani. Mama Zuhura amekaa mlangoni na bakora yake, kila anayeingia anasogezewa chai. Hakuna muziki, na bado nyumba haijanyamaza tangu jana. Hamisi anabishana na wavuvi kuhusu pawasaplai ipi ilikuwa kiboko ya zote, na mimi nimemwachia.

Faustin, ndugu yangu, leo hukutuita. Tumekuja wenyewe.

Lala salama, kaka.