Siku Nilipoacha Kuitika "Boi"

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, enzi za Mdachi, niliingia kijijini Ihumwa kwa mbwembwe, kanzu nyeupe pe! Mshenga alikwisha tangulia. Nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa Mzee Ndahani, baba yake Matika, binti niliyemposa, na kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa ndani kwa bwana mmoja wa Kidachi pale Dodoma, nani wa kunikataa?

Mzee hakunipa hata kigoda. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye boi wa bwana mkubwa!" Kifua mbele.

"Boi ndiyo nini?"

Loo! Maana yake sikuijua. Tangu nianze kazi nilikuwa naitika tu.

"Mkataa kwao mtumwa," akasema mzee. "Kaulize maana yake, ndipo uje tuone kama binti yangu ataolewa na kitu hicho."

Kuuliza si ujinga. Nikamwendea mpishi wetu, Mrangi wa Kondoa, mtu mwenye mvi zake, aliyewahi kuwapikia Waingereza kule Unguja.

"Hilo neno la Waingereza," akasema, huku akikoroga sufuria. "Kwao ni mtoto wa kiume, kama hao wanaochunga ndama. Wakawaita hivyo watumishi wao, hata wenye wajukuu. Hawa Wadachi nao wakaliokota. Mimi na mvi zangu naitwa hivyohivyo."

Hasira ilinipanda, mwanangu! Mimi niliyetoka jandoni nikapokewa kwa ngoma na vigelegele, niitwe mtoto?

Asubuhi bwana akapaza sauti barazani: "Boi!" Sikwenda. Akaita tena. Nikajitokeza, nikamwambia, "Naitwa Chilewa, bwana."

Nilichapwa viboko, sitakuficha. Nikavuliwa ile kanzu, nikafukuzwa. Nilirudi Ihumwa na kaniki ya kuazima, mgongo unawaka moto.

Nikamweleza Mzee Ndahani yote. Akauliza, "Na leo umekuja na nini?"

"Na jina langu tu, baba. Chilewa."

Akasogeza kigoda. "Kaa, Chilewa. Tuzungumze habari za ng'ombe."

Matika ndiye huyo bibi yenu, anayeicheka kanzu ile mpaka leo.

Basi shika hili, mwanangu. Maneno ya wageni yachukue, yanafaa. Hata hiyo shule unayokwenda ni neno la Mdachi huyohuyo. Lakini neno watakalokubandika wewe mwenyewe, uliza kwanza limetoka wapi, ndipo uitike. Mgongo wangu ulipona zamani. Ningeendelea kuitika, ningezeeka mtoto.

Nenda, Mungu akunyeshee mvua kwa wakati wake, zizi lako lisikose maziwa, na popote utakapoitwa, uitwe kwa jina tulilokupa sisi.