Halbadiri Isiyosomwa

Tangu nilipokaa mbele ya waandishi wa habari nikasema kwamba niliugua hofu hadi nikashindwa kudaka mpira, watu huniuliza nilipata wapi ujasiri. Wengine hunisimamisha kivukoni nikiwa na mfuko wa nyanya mkononi. Huwa nacheka. Kamera hazikunitisha hata chembe. Kamera hazikukuona ukikimbia uchi uani, hazijui ulilia kiasi gani siku ya kutahiriwa, na hazina mjomba. Kazi ngumu nilikuwa nimeshaifanya nyumbani kwetu Bofu, Likoni, juu ya mkeka, mbele ya mjomba wangu.

Wakati huo nilikuwa kipa wa kwanza wa timu ya taifa. Likoni hilo si jambo dogo. Nikienda kununua mkate, muuza duka huniuliza habari za mechi kabla hajamuulizia mamangu. Mjomba, ndugu wa mamangu wa toka nitoke, ndiye aliyekuwa msemaji wangu mtaani bila kuombwa na mtu. Alikuwa na kiti chake maalumu mkahawani, na kila mpira niliodaka aliwasimulia wenzake kwa mikono yote miwili, kahawa ikimwagika, utadhani ni yeye aliyeruka.

Hofu ilinianza chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya mechi ambayo hata haikuwa kubwa. Vidole vilikufa ganzi. Moyo ukaenda mbio, kifua kikabana, na sauti ya kocha nikawa naisikia kama inatoka nyumba ya pili. Nilidhani nakufa, na nilichokiwaza ni aibu ya kufa nikiwa na soksi moja. Sikufa. Ila ikarudi mechi iliyofuata, na ile nyingine, kisha ikaanza kunijia hotelini, mwisho ikanifuata nyumbani. Usingizi ukanihama. Chakula nikawa nakisogeza pembeni. Kuna siku nilijifungia bafuni nikafungua bomba ili mamangu asinisikie nikilia, mimi mwanamume ambaye mlango wa bafu lenyewe naupita kwa kuinama.

Katika mechi moja ya ugenini hali ilinishika uwanjani. Viganja vilitoka jasho hadi glavu zikawa zinacheza mikononi. Aliyeona ni kipa wa pili, aliyekuwa benchi. Ni rafiki yangu, mtoto wa Mkomani. Tumekuwa pamoja tangu timu za vijana, yeye ng'ambo ile ya Mombasa na mimi ng'ambo hii ya Likoni, na uwanjani hakuna anijuaye kumshinda. Mapumziko yalipokwisha alinifuata hadi golini, akaweka taulo lake kando ya nguzo, akaninong'oneza nijifute kila nikipata nafasi. Nilijifuta. Dakika chache baadaye mpira ukanipita katikati ya miguu, mpira wa kitoto ambao mamangu angeuzuia kwa leso yake. Nikainua mkono kuomba kutoka. Rafiki yangu akaingia mahali pangu, na akacheza vizuri sana.

Anayelijua soka la pwani ameshajua kilichofuata. Kwetu taulo la kipa si la kujifutia. Nimecheza mechi za mtaa ambapo watu wazima wenye ndevu walivamia uwanja kulipekua taulo la kipa wakitafuta hirizi. Nimewahi mimi mwenyewe kurukishwa ukuta pamoja na timu nzima, tumevaa jezi, kwa sababu mtu alisema mlangoni pamefukiwa kitu. Sasa mjomba, kwenye televisheni ya mkahawani, aliliona taulo likiwekwa. Kisha akaliona bao. Kisha akaona ni nani aliyeingia badala yangu. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

"Umefungwa," aliniambia niliporudi, hata begi sijalitua. "Na aliyekufunga twamjua."

Mamangu hakutaka kumtaja mtu, lakini aliniona nikikonda. Alinipa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa. Sina neno baya juu ya kombe. Nilipata usingizi kidogo baada ya kulinywa, pengine kwa kuwa mamangu alikaa kando ya kitanda akinipapasa kichwa. Nyumba nayo aliifukiza ubani asubuhi na jioni hadi majirani wakawa wanakohoa.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba nilikuwa naenda kwa daktari. Daktari wa timu alinielekeza kwa mwenzake wa mjini, mama mmoja anayetibu maradhi ya akili. Nilivuka feri kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, nyumbani nimeaga kwamba naenda kuchuliwa mgongo. Yule mama alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema, "Moyo wako unakimbia kama umefukuzwa na mbwa, na mbwa hayupo. Huo ni ugonjwa. Una jina, na unatibika." Nilipotoka pale nilinunua mihogo ya kukaanga nikaila yote nimesimama, baada ya siku nyingi za kutotamani chakula. Nilipewa dawa, nikafundishwa jinsi ya kupumua hofu ikija, nikaambiwa nirudi kila juma. Nikaambiwa pia nimweleze mtu mmoja wa nyumbani. Hilo la mwisho nikaliweka kando. Ningeanzia wapi kumwambia mamangu natibiwa akili, wakati mtaani kwetu mgonjwa wa akili ni yule anayevuliwa nguo na watoto sokoni?

Basi mimi nikanyamaza na mtaa ukasema. Habari za taulo zilifika Mkomani upesi. Rafiki yangu alinipigia simu mara kadhaa, kila mara nikaitazama ikilia hadi ikakatika. Sikuwa na ugomvi naye, sikuwa tu na nguvu za kuzungumza na mtu yeyote. Mjomba akaliona hilo nalo. "Mwaona," akawaambia wenzake, "hata simu yake haishiki." Kisha akatangaza kwamba Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa dadake kutasomwa halbadiri.

Kwa asiyejua, halbadiri husomwa na mtu aliyedhulumiwa ambaye hana njia nyingine ya kupata haki yake. Huombwa kisomo kimfikie mdhalimu popote alipo, na watu wetu wanaamini humfikia: kuna wanaosema fulani alipofuka, fulani akarukwa na akili. Wanaamini pia kwamba ikisomwa kwa uwongo hurudi kwa aliyeisomesha. Ndiyo maana hutangazwa mapema, ili mwenye kosa aje kuomba radhi. Mjomba aliitangaza barabara: msikitini, mkahawani, na juu ya feri kwa watu asiowajua. Jina hakulitaja, wala hakuwa na haja. Kuanzia Alhamisi, rafiki yangu angejikwaa kidole tu, watu wangesema kisomo kimemfika. Na kijana aliyesemwa hivyo, hapa pwani hakuna timu itakayomweka golini tena. Yote hayo kwa kuwa aliniazima taulo.

Siku ikafika. Niliamka nimeamua kusema, saa nne nikaamua kutosema, adhuhuri nikaamua kutoroka hadi kwa shangazi. Alasiri ikanikuta nimevaa kanzu, nimekaa ukumbini juu ya mkeka, wanaume wamenizunguka, na wanawake wako uani na masufuria ya pilau. Maalimu alikuwa rika langu. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani na tulichapwa kwa bakora moja, ila yeye alifaidika na zile bakora akahifadhi. Mjomba alikaa ubavuni mwake, kifua mbele.

Maalimu alifungua kitabu, akanitazama. "Kisomo hiki ni chako," akasema. "Wajua utaratibu. Taja nia kwa mdomo wako mwenyewe. Sema umedhulumiwa, na useme wataka nini kimpate aliyekudhulumu."

Mjomba akanigusa goti. "Sema, mwanangu. Usimuonee haya."

Nilifungua mdomo, na hapo hapo vidole vikafa ganzi. Moyo ukaanza kukimbia. Niliijua mara moja. Ilikuwa ile ile ya chumba cha nguo, imekuja hadi ukumbini kwetu. Nikageuza viganja juu ya magoti, nikaanza kuvuta pumzi polepole nilivyofundishwa, jasho likinitiririka shingoni. Watu walinitolea macho. Mtu mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini.

"Mwaona?" mjomba akasema. "Si hiyo imeanza."

"Ndiyo, mjomba, imeanza," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Na hivi ndivyo nilivyokuwa golini siku ile. Mwitazame vizuri. Rafiki yangu hayuko hapa, na taulo haliko. Hakuna mtu aliyenidhulumu. Naugua hofu. Daktari ameniambia ni ugonjwa, yuwanitibu, na mimi nia ya kumuombea mtu mabaya sina."

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Niliwaeleza usingizi ulivyonihama, bafu na bomba, kofia, feri. Nilisema nalia. Nilisema kuna asubuhi sikutaka kuamka kabisa, na niliposema hilo nilisikia kijiko kikianguka uani, nikajua mamangu yuko nyuma ya pazia. Nikaendelea. Na kadiri nilivyosema, ganzi ikawa inatoka vidoleni kidole kwa kidole, hadi nikaweza kuishika kanzu yangu na kuisikia ni kitambaa.

Mjomba ndiye aliyetangulia kuuliza. "Na lile taulo?"

"La kufuta jasho, mjomba. Mikono yangu yatoa jasho."

"Taulo tu?"

"Taulo tu."

Mtu nyuma yangu alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Wa pili akamfuata. Mjomba alimtazama kila mmoja kwa zamu, yeye aliyeeleza mambo ya taulo lile kutoka Bofu hadi Timbwani, na kisha mabega yakamshuka, naye akacheka hadi akajipangusa macho kwa kilemba. Maalimu alifunga kitabu haraka. "Alhamdulillahi," akasema. "Wallahi mimi tangu juzi sijala vizuri kwa kukiogopa kisomo hiki. Kama hakuna mdhalimu, hakuna halbadiri. Tuna mgonjwa. Tumsomee mgonjwa wetu."

Nililishika neno lile. Miezi yote ile nilikuwa naogopa kuitwa mwendawazimu, na kumbe palikuwa na neno mgonjwa, nalo watu wa kwetu wanalijua kazi yake. Mgonjwa husomewa dua, hutembelewa, huletewa uji, huulizwa ameamkaje. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Waliinua mikono wakaniombea shifaa, nipone, wanaume waliokuja kumlaani mtu, na niliitikia amin huku machozi yananishuka bila bomba lolote kufunguliwa. Nilikuwa nimefurahi. Nilijiona mwepesi, na nilikuwa na njaa.

Mamangu alinivuta uani kabla sahani hazijatoka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hasira zake zilikuwa za kweli.

"Kuchuliwa mgongo," akasema. "Kila juma wenda kuchuliwa mgongo. Nami nafukiza nyumba hadi jirani yangu hanijibu salamu."

"Nisamehe, mamangu. Nilikuonea haya."

"Mimi? Mimi niliyekuzaa?" Akanishika taya, akanigeuza uso kwenye mwanga. "Na huyo daktari yuwajua kazi yake?"

"Yuwajua."

"Basi juma lijalo twenda sote. Nataka nimuone." Akaniachia, kisha akanishika tena. "Na hiyo asubuhi uliyosema hutaki kuamka, ikija tena waniamsha mimi. Hata kama nimelala saa ile ile. Wasikia?"

"Naam, mamangu."

Mjomba alitufuata huko uani, kilemba mkononi, mpole ghafla. Aliniambia nimpigie simu yule kijana, sasa hivi, chakula baadaye. "Mwambie mjomba wako asema taulo lilikuwa taulo," akasema. "Na mwambie nitakuja mwenyewe Mkomani. Mamake nitamuomba radhi kwa mdomo wangu."

Nilitoka nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo, nikapiga. Alipokea upesi mno, kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi akisubiri saa ya kisomo ipite. Sikumsalimu. Nilimwambia haikusomwa. Nilimwambia nilivyosema ukumbini, yote, na majibu ya mjomba, nikitumai atacheka kwenye lile la taulo. Hakucheka. Nikamwomba radhi kwa simu alizonipigia nisishike, akasema hapana neno.

"Hebu nambie," akaendelea, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wewe, hofu hiyo huanzia wapi?"

"Mikononi," nikasema.

"Mimi huanzia kifuani."

Nilivuta ndoo ya kufulia nikaigeuza, nikaikalia, nikamwambia aendelee. Tulizungumza hadi pilau yangu ikapoa, na mamangu, ambaye hajawahi katika maisha yake kuacha chakula cha mtu kipoe, alitokeza kichwa mlangoni, akanitazama, akarudi ndani bila kuniita.