Ng'ombe wa Limuru Katika Jua la Kalama

Wanza alijua kuna neno hata kabla hajafungua lango. Kila siku, ng'ombe wake Kiambu akisikia tu hatua zake akirudi kutoka shule alikowapikia watoto, hulia kudai nyasi. Mchana huo wa Februari, mwaka wa 2000, boma lilikuwa kimya.

Alimkuta ng'ombe amesimama katika banda la mabati, shingo ameinyoosha, ulimi nje, udenda ukichuruzika mpaka kwatoni. Mbavu zilikwenda mbio kama za mtu aliyekimbizwa na mbwa. Nyasi za asubuhi zilikuwa horini, hazijaguswa.

Wanza hakuwa mgeni wa mifugo. Alilelewa papo hapo Kalama, kati ya ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, ambao jua huwakuta mlimani wakila tu. Lakini Kiambu alikuwa wa gredi, mwenye damu ya kizungu, mweusi kwa mweupe, na alikuwa ameletwa kutoka Limuru mwezi wa Julai, wakati wa ukungu na manyunyu. Miezi ile ya kwanza alitoa maziwa mpaka majirani wakaja kumtazama. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na maziwa yalikuwa yakipungua siku baada ya siku.

Mumewe, Ndeti, alimzunguka mnyama mara mbili.

"Hii ni ndigana, Mama Mbula. Ile ugonjwa ya kupe iliyomaliza ng'ombe za kina Kyalo. Tuichinje kabla haijafa."

"Na ndama iko tumboni?"

Ndeti aliingia nyumbani, akatoka na kisu na jiwe la kunolea.

"Baba Mbula, nakuomba. Usiiguse mpaka nirudi na daktari."

Alishuka njia ya soko nusu akitembea, nusu akikimbia, vumbi la moto likimchoma miguu. Kila alipopumua aliwaza: labda sasa hivi, labda Ndeti ameshamlaza amchinje. Titus, afisa wa mifugo, alikuwa akimfunga punda kidonda. Alimwangalia Wanza usoni, akafunga mkoba bila kuuliza mengi, akampakia kwenye pikipiki.

Walipofika, Kiambu alikuwa amelala chini, na majirani wawili walikuwa wamemfunga miguu kwa kamba. Wanza aliruka chini kabla pikipiki haijasimama.

Titus alipapasa chini ya masikio, kisha mbele ya bega. "Tezi hazijavimba kama za ndigana." Akapima joto: nyuzi arobaini na nusu, na zaidi. Ndipo alipoinua mkono kugusa bati la paa, akauondoa haraka.

"Mama, nani alijenga hii banda?"

"Ni mimi nilimwambia fundi ashushe paa na azibe pande zote," Wanza alisema. "Ilikuwa Julai. Niliogopa itashikwa na baridi."

"Basi sasa iko ndani ya jiko. Hii si ndigana, ni joto. Fungueni kamba. Maji iko?"

Maji yalikuwa mapipa mawili tu, yaliyochotwa kwenye visima vya mchanga wa mto mkavu na kuletwa na punda wa jirani, ya kunywa na kupikia. Wanza hakungoja ruhusa. Alimwagia Kiambu shingoni na mbavuni, akampepea kwa leso yake. Ndeti aliweka kisu chini, akaanza kung'oa mabati ya ukutani, na majirani wakamsaidia. Pipa la kwanza likaisha. Kiambu bado alihema. La pili lilipofika nusu, jua likiwa limeegemea vilima, alijikusanya, akasimama akiyumba, akanywa ndoo nzima.

Wanza aliketi kwenye vumbi, akalia.

Tangu hapo Ndeti alitandika nyasi kavu juu ya paa, na Kiambu akawa analishwa alfajiri na jioni. Mimba haikutoka. Mwisho wa Juni alizaa ndama jike.

Julai ikaja na upepo wake wa baridi, ukipita moja kwa moja katika banda lile lililoachwa wazi. Ndama akaanza kukohoa. Wanza alitundika magunia upande wa upepo, akabadilisha matandiko kila yalipolowa, akawa anaamka usiku kumshika masikio aone kama yamepoa.

"Jua unaogopa, baridi unaogopa," Ndeti alimwambia, huku mwenyewe akiongeza gunia jingine.

Kikohozi kilidumu siku nane. Siku ya tisa ndama alinyonya kwa pupa mpaka mama yake akamrushia teke.