Kosa Alilobebeshwa Mfuaji

Tulimwita Sabuni, na hakuchukia. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali sisi wengine tulinawa tukikumbuka. Yeye alinawa mpaka viwikoni, akavua sare, akaoga, ndipo akarudi nyumbani kwa wanawe wawili. Nimefua naye mashuka miaka mingi, kwa hiyo mtu asinieleze habari za uchafu wake.

Wanawe walishikwa na mafua wiki moja, wakilala kitanda kimoja. Mkubwa alikohoa kidogo, akarudi kwenye mpira wake. Mdogo mapafu yalijaa, akafia wodini, juu ya shuka ambalo huenda mama yake ndiye aliyelifua.

Kaburi halijakauka, mama mkwe akatoa hukumu: "Kayaleta yeye hayo maradhi, na minguo yake ya hospitali!" Mume wa Sabuni, fundi makochi, akamwachisha kazi. Sabuni akabaki nyumbani akisugua sakafu isiyo na doa.

Baadaye daktari, aliyekuwa amepima damu ya mtoto na ya wazazi, akawaita.

"Virusi ni vilevile kwa watoto wote wawili," akasema. "Ila mwili una kengele ya kuamsha kinga, na tunairithi: nakala moja kwa baba, moja kwa mama. Ninyi kila mmoja ana nakala moja mbovu, na ile nzima inamtosha. Marehemu alipata mbovu zote mbili. Mafua yalipoingia, kengele haikulia. Hakuna aliyekosea."

Sabuni alikuja kwangu analia na kucheka. "Dada, nimeutua mzigo," akasema. Nikamwambia arudi kazini.

Kumbe mumewe alikuwa na lake. "Mama watoto, haya tusiyaseme," alimwomba. "Dada yangu anaposwa. Wakisikia damu yetu ina kasoro, nani atamchukua? Uchafu watu husahau."

Uchafu watu husahau! Uchafu wa nani? Mkuki kwa nguruwe.

Siku ya posa niliitwa kusaidia jikoni. Mama wa mchumba, mtu mpole, akauliza yule mtoto aliondoka kwa maradhi gani. Mimi nilikuwa mlangoni mwa sebule. Fundi makochi akatazama viatu vyake. Nilimwombea Sabuni afungue mdomo, maana sentensi moja tu ingemsafisha.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilirudi na nguo za kazini."

Watu wakashusha pumzi. Mama mkwe hata akatikisa kichwa kwa huruma, Mungu anisamehe kwa nilichotamani kumfanyia.

Sabuni akainuka, akashika sinia la chai awaandalie wageni. Wifi yake, huyo anayeposwa, ambaye hakuwa ameambiwa aliyoyasema daktari, akalipokonya mikononi mwake.

"Acha, wifi," akanong'ona, na sote tukasikia. "Hawa watu watakunywa."