Bibi Funua

Mama mkwe wangu tulimwita Bibi Funua, kwa sababu hakuna mtoto aliyefunikwa akamwona akapita hivihivi. Alikuwa nesi mstaafu wa wodi ya watoto njiti, lakini kazi yenyewe haikumwacha. Mtoto wa jirani kalala zake, yeye huyo, kafunua shuka, anashika vidole kimoja kimoja. Mtoto akiamka na kulia, wa kubembeleza nani? Mimi! Alinichosha, nisiseme uongo. Mume wangu alizoea kunituliza: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka gani, hata yeye hakujua.

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati, akalazwa wodi ileile. Siku moja mshipa ulisumbua kupatikana. Nesi, dada mpole, alimfunga mkono kwa kipande cha mpira alichokata kwenye glavu, mshipa ukatokeza, akaweka dripu, akamfunika vizuri. Mtoto akalala. Ndipo akaingia mama mkwe, moja kwa moja kwenye blanketi.

"Mama, jamani! Ndiyo kwanza amelala."

"Nione vidole tu, mwanangu."

"Vidole havijaenda popote!" Nikamdaka mkono, mkwe wangu mzima, mbele za watu. Hata haya sikuona.

Alinisukuma kando, akafunua. Vidole vya mwanangu vilikuwa vimevimba, rangi ya bilinganya. Ule mpira ulikuwa bado umekaza juu ya kiwiko. Nesi alisahau kuufungua, na sweta likauficha. Mama mkwe akaukata. Tukasubiri. Ee Mungu, tulivyosubiri! Damu ikarudi taratibu, mtoto akapiga yowe, na mimi nikapiga langu.

"Huyu nimemuwahi," akasema.

"Nani hukumuwahi, mama?"

"Wa kitanda cha dirishani. Nilimfunga mwenyewe. Nikamfunika."

Sasa amezeeka, akili zinakuja na kuondoka. Kutwa anapapasa shuka. Juzi binti yangu, msichana mkubwa sasa, alikaa kitandani akamwekea mkono kiganjani.

"Bibi, ni mimi. Vidole vyangu hivi hapa, vizima."

Bibi akavishika kimoja kimoja mpaka cha mwisho, akatabasamu. Machozi yakanitoka. Nikajua leo atapumzika.

"Vizuri, mama," akamwambia mjukuu wake. "Sasa nisaidie kumtafuta yule mwingine." Akarudi kupapasa shuka.