Dirisha Moja la Sahani

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa kila mwenye njaa na kitambulisho cha chuo, kwamba ukumbi wa ushirika wa chakula wa wanafunzi ulisanifiwa na kamati ya wasomi kumi na mmoja kwa semina mbili na michoro minne, kisha ukajengwa na mwanamke mmoja ambaye shule hakuimaliza.

Mama Randa ni seremala aliyekaa kazini miaka thelathini. Kazi hii alipewa na mwenyekiti wa kamati, binti wa kaka yake, mtoto anayejua kila kitu isipokuwa atakula wapi. Tangu muhula uanze, kila mchana binti huyo alikuwa akipita karakana ya shangazi kusalimia tu, salamu yenyewe akiielekeza kwenye sufuria.

Mchoro ulitaka madirisha mawili ya kutolea chakula: moja la wanaolipa, jingine la wanaomenya viazi na kuosha vyombo ili wale bure. Kamati iliuita mpango huo uwazi.

Nusu saa kabla ya ukaguzi, mwenyekiti aliingia akakuta dirisha moja. Mlezi wa Wanafunzi alishasema: mchoro usipofuatwa, chumba kinarudi kuwa stoo ya viti vibovu, na wanafunzi sitini waliojiandikisha kula hapo wanarudi kunywa maji na kulala.

"Shangazi, umeniua."

"Wewe ungepanga foleni dirisha lipi, mwanangu?"

Shangazi akaendelea kupiga msasa.

Mlezi alifika na tai yake na faili lake. Akahesabu madirisha. Akahesabu tena, kana kwamba la pili lingejitokeza kwa aibu. Alivuta benchi, akakaa, akaitazama foleni ya majaribio ikisogea, kila mmoja na sahani yake, kisha akamuuliza mwenyekiti ni nani hapo aliyelipa. Binti, jasho likimtiririka mgongoni, akajibu kuwa anayejua ni mwenye daftari la malipo peke yake.

Kalamu ya Mlezi ilining'inia juu ya karatasi. Kisha ikashuka, ikasaini.

Hapo mkubwa huyo akapandwa na hotuba. Alimwambia Mama Randa kwamba haya ni mapinduzi ya usanifu, utu uliochongwa kwenye mbao, jambo la kuandikiwa kitabu, na akaomba aelezwe falsafa iliyomwongoza.

Mama Randa akapuliza vumbi kwenye skwea yake ya kupimia pembe.

"Mbao ziliisha."