Mikono Yangu na Sauti Yake

Mume wangu ni mchoyo wa maneno. Simsengenyi, hata mama yake anakiri. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari anajibu "mm". Ukimwambia paa linavuja anajibu "mm". Ukikasirika ukamuuliza kama ana ulimi, anautoa nje kidogo uuone, halafu anaurudisha. Nilimvumilia kwa sababu alikuwa na njia nyingine ya kuongea, na njia hiyo tuliijua watu wawili tu, yeye na mimi. Ndiyo maana niliposikia kwamba huko bandari mpya anamjibu mwanamke mwingine kila neno, tena kwa sentensi kamili, kijiba cha roho kilinikaa, na hadi leo hakijatoka chote.

Tulikutana gati la zamani. Yeye alikuwa juu kwenye kreni, mimi chini, mpiga ishara. Mpiga ishara ndiye macho ya mtu aliye juu. Yule wa juu haoni ndani ya tumbo la meli wala upande wa pili wa mzigo, na kwa kelele za injini hasikii chochote. Basi unasimama pale anapoweza kukuona, umevaa glavu za rangi ya chungwa, unamwambia kwa mikono. Kidole juu kikizunguka, pandisha. Kidole chini kikizunguka, shusha. Ukikifunika kidole hicho kwa kiganja cha mkono wa pili, fanya taratibu. Ngumi, tulia hapo hapo. Na ukitanua mikono yote miwili, kulia na kushoto, kama mtu anayezuia mlango, maana yake simamisha kila kitu. Hiyo haichezewi. Yeyote anaweza kuipiga, hata mfagiaji, na mwendeshaji anasimama kwanza, maswali baadaye.

Gatini waliniita Mikono. Nilikuwa mzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Yeye naye alikuwa mzuri kwa sababu alikuwa ananitazama. Siku moja akanipigia ishara yeye, jambo ambalo halifanyiki, maana mwendeshaji kazi yake ni kutii. Alijigusa kifua, akaninyooshea kidole, halafu akapeleka vidole mdomoni. Nikadhani ana njaa. Nikafunga mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, nikauning'iniza kwenye ndoano, nikamwashiria apandishe taratibu. Kumbe mwenzangu alikuwa ananiuliza kama tutakula sahani moja maisha yetu yote. Alikula mkate wake huku amenywea. Ilibidi jioni dada yake aje kunifafanulia, na huyo dada ndiye wifi yangu, ambaye habari hiyo anaisimulia upya kila tukipata mgeni.

Nyumbani tuliendelea vivyo hivyo. Mama mkwe akirefusha maneno, napiga ngumi chini ya meza na mume wangu anainuka kumsindikiza. Akimimina chai kwa pupa, nafunika kidole kwa kiganja. Mtu mwingine angeona nyumba ya mabubu. Mimi niliona ndoa, na nilijivunia.

Halafu ikaja bandari mpya. Gati letu lina maji mafupi, na meli kubwa zilikuwa zinakaa nje huko, mbali, zikisubiri vyombo vidogo viende kuzipakua. Ikaamuliwa ijengwe bandari ya kina kirefu ng'ambo ya ghuba. Kwa muda mrefu maisha yetu yakawa malori ya mawe yanayopita mlangoni, vumbi kwenye nguo nilizotoka kuzianika, na zile meli za kunyonya mchanga zinanguruma bila kupumzika. Ukuta wa kuvunja mawimbi ukatokeza majini kidogo kidogo. Mwishowe kreni zikaja. Zililetwa juu ya meli zikiwa tayari zimeungwa, zimesimama wima kama wageni waliokataa kukaa, na watu wazima wakaacha shughuli zao kwenda kuzitazama. Mimi nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaziangalia kwa jicho nililolijua, kwa sababu niliwahi kuangaliwa nalo.

Wakamchukua. Na mimi nilikwenda kuomba kazi, nimepiga pasi hadi ovaroli. Bwana wa ajira alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Mama, kreni hizi ni ndefu mno," akaniambia. "Kabini ina kamera, na anayeongoza anakaa kwenye chumba cha uongozaji, anasema kwa redio. Wapiga ishara hatuna tena."

Nikarudi gati la zamani, ambako siku hizi tunapokea vyombo vidogo vya saruji na vitunguu. Kreni yetu akapewa bwana mmoja anayepiga miayo hadi machozi. Nampigia ishara ya kupandisha, ananitazama kama mtu anayekumbuka deni. Nikiinua macho naziona kreni za ng'ambo, na ya tatu kutoka kushoto ni ya mume wangu. Niliijua kabla hajaniambia.

Mara ya kwanza kumsikia ilikuwa mchana, amerudi zamu, amelala kwenye kochi na viatu vyake. Nilikuwa napita na ndoo.

"Safu ya nne, nashusha," akasema, macho yamefumba. "Nimekupata, dada."

Niliweka ndoo chini. Nimekupata. Mume wangu, ambaye hajawahi kusema kwamba amenipata wala amenikosa.

Wifi ndiye aliyenimalizia. Anafagia ofisi za bandari mpya, na habari zote za pale hupitia kwenye ufagio wake.

"Wifi, mimi sipendi kuchonganisha," akaanza, na mtu akianza hivyo ujue amekuja kuchonganisha. "Yule dada anayewaongoza wenyewe wanamwita Sauti. Ukimsikia, utadhani anakukanda mabega. Akitoa agizo, kaka analirudia lote, neno kwa neno, halafu anamwambia nimekupata. Ndiyo sheria yao."

"Sheria?"

"Sheria ya redio. Ili ajulikane amesikia."

"Basi mimi nimeolewa nje ya sheria," nikasema, na wifi akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Nilimjaribu. Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za viatu, nikasimama mlangoni nikasema, "Mtungi wa gesi unaisha. Urudi na mwingine. Umenipata?"

Akaniangalia kidogo. "Mm."

Jioni akarudi mikono mitupu, na mtungi wenyewe ulikuwa umeshakata moto. Mezani nikapiga ngumi, ile ya tulia hapo, maana wifi alikuwa ameanza tena habari ya mkate na mayai. Mume wangu alikuwa ameinamia simu. Nikaiacha ngumi pale juu ya meza, si chini yake, iko wazi kabisa, mpaka vidole vikauma. Hakuinua kichwa. Roho iliniuma kuliko siku niliyokataliwa kazi. Kazi wanaweza kumpa wanayemtaka. Lakini mume huyu alinijua kwa mikono, na kama haioni mikono yangu, basi mimi ni nani katika nyumba ile? Hilo ndilo nililotaka kulijua, na sikutaka kuambiwa na wifi. Nilitaka kuona mwenyewe.

Nafasi ikaja pale bandari mpya walipoalika familia za wafanyakazi kutembezwa. Nilivaa gauni langu la bluu. Kwenye mkoba nikatia glavu zangu, na msiniulize kwa nini, sikujua bado.

Walianza kutupeleka chumba cha uongozaji. Pako kimya na pana baridi, skrini zimejaa ukuta mzima, na mbele yake wamekaa watu wenye vipokea sauti masikioni. Wifi akanikanyaga mguu kunionyesha. Sikuhitaji kuonyeshwa. Nilitaka awe na kiburi nipate pa kumshika, au awe amejipaka mapoda nipate la kusema njiani. Hakuwa na lolote. Ni mwanamke wa rika langu, mpole, aliyeinuka kwenye kiti chake kunisalimia.

"Karibu, dada. Wewe ndiye wa Kreni ya Tatu?"

"Ndiye mimi."

"Jamani, hongera. Ana masikio mazuri sana mume wako. Sijawahi kumwambia kitu mara mbili."

Wifi alikohoa. Mimi nilitabasamu, maana nimelelewa. Mara mbili! Gesi nilikuwa nimeisema mpaka nimeanza kuiota. Na huyu hata jina lake halijui, anamwita kwa namba kama chumba cha hospitali, lakini ndiye anayesikilizwa.

Kutoka pale wakatupanga gatini nyuma ya uzio wa njano, mbali na mizigo lakini tukiiona vizuri. Meli ilikuwa imefunga, ndefu hadi mwisho wake ulinipotea. Kreni ya Tatu ilikuwa juu yetu na kontena jekundu likining'inia. Wametuwekea kipaza sauti ili tusikie redio, na kweli ile sauti ilipotoka wanaume kadhaa walijiweka sawa.

"Kreni ya Tatu, kontena linalofuata, safu ya nne. Shusha. Umenipata?"

"Safu ya nne, nashusha. Nimekupata."

Ndiyo hiyo sasa, mbele ya watoto wa watu. Nikafungua mkoba nikavaa glavu. Wifi akaninong'oneza, "Wifi, acha," nami nilikuwa nimeshainua mikono. Kidole chini kikizunguka, kiganja juu yake. Shusha taratibu. Nilipiga mara moja, kama zamani, nikasubiri.

Na hapo kipaza sauti kikasema, kwa sauti ya mume wangu, ile ya chini niliyoisikia mara chache tu maishani, "Taratibu. Nimekupata."

Niligeuka kukitazama kile kipaza sauti kama vile wamekaa ndani wote wawili. Taratibu! Anamwambia nani taratibu, kwa sauti hiyo? Neno langu lile, nililomfundisha mimi kwa mikono hii, leo anampa mwingine kwenye redio watu wakisikia. Masikio yaliniwaka moto. Sikuwaza tena. Nilisogea hadi kwenye uzio, nikatanua mikono yote miwili, kulia na kushoto.

Kreni ikasimama. Kontena likabaki hewani linayumba kidogo, halafu likatulia. Lori lililokuwa linasubiri chini likazima injini, na watu wakaacha kuongea mmoja mmoja.

"Kreni ya Tatu, umesimama," Sauti ikasema. "Kuna tatizo?"

"Nimesimamishwa."

"Sijakusimamisha mimi."

"Sio wewe. Mpiga ishara."

"Kreni ya Tatu, hapa hatuna mpiga ishara."

"Mimi ninaye. Yuko chini hapa, amevaa gauni la bluu. Nasubiri ashushe mikono."

Sikuishusha. Nilijua napaswa, na mabega yalikuwa yameanza kuniuma, lakini nilitaka yule dada asubiri kidogo. Alisubiri. Bandari nzima ilisubiri, pamoja na skrini zake zote, mpaka mlinzi akafika mbio na kuniomba kwa upole, huku akinishika kiwiko kwa nguvu.

Nilisindikizwa mpaka langoni. Wifi alitembea nyuma yangu kwa mbali, kama mtu ambaye hatukuja naye. Mimi nilitembea nimeinua kichwa. Nilikuwa nimepata jibu langu, na lilikuwa tamu.

Jioni mume wangu aliingia amekunja uso. Hakukaa.

"Ile ishara haichezewi," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Leo nimeitwa na msimamizi. Usirudie. Umenipata?"

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. "Haichezewi, sirudii," nikasema. "Nimekupata."

Akavuta kiti. Nikamwekea chai. Akainywa nusu ndipo akauliza, "Ulikuwa unataka nini?"

"Kujua kama unaniona."

"Sakafu ya kabini ni kioo. Nilikuona tangu mnashuka kwenye basi. Nilikuona unavaa glavu."

"Na yule dada, unavyombembeleza? 'Taratibu, nimekupata.' Nimesikia kwa masikio yangu."

Aliweka kikombe chini, akanitazama kwa muda mrefu kama anayepima kama nina akili timamu.

"Yule dada alisema taratibu saa ngapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikaisikia tena redio kichwani, neno kwa neno. Safu ya nne. Shusha. Umenipata? Basi. Hakusema kingine.

"Wewe ndiye uliyesema taratibu," mume wangu akasema. "Umefunika kidole kwa kiganja. Nikapunguza mwendo, nikakujibu. Hukuliona kontena?"

Sikuliona. Mimi, Mikono, nilipiga ishara halafu sikuutazama mzigo, kwa sababu nilikuwa nakodolea macho kipaza sauti, namsikiliza mwanamke aliyekuwa amenyamaza. "Nimekupata" yangu ilikuja kwa sauti kubwa, bandari nzima ikisikia, nami nikaichukua nikampa yeye.